Nusu Iliyotoka Kwangu

Mtwara, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Fatu,

Salamu nazikata fupi, maana asubuhi tumeamkiana, mchana tumekula sahani moja, na Mungu akipenda kesho alfajiri nitakubebea begi mpaka kwenye basi. Mtu akisikia baba anamwandikia barua binti aliye naye nyumba moja atasema mzee huyu ameanza kuchanganyikiwa. Mwache aseme. Wewe na mama yako mmetoka kwenda kuwaaga watu wa Chikongola, nami nawajua, hamtarudi kabla ya isha kwa sababu kila nyumba itataka mle. Nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia, karatasi za kidato cha tatu nimezisukuma pembeni. Nina muda.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala jinsi ya kuishi na wakubwa wa kazi. Mama yako amekueleza hayo tangu siku ulipopata ajira, na mengine ameyarudia mpaka umeanza kuyaitikia kabla hajayasema. Afisa uvuvi anayekwenda Kigoma hahitaji kufundishwa na baba yake kupika wali. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miezi yote hii kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jambo lenyewe linahusu titi. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Kwetu baba hazungumzi na binti yake mkubwa habari za mwili wake. Ulipovunja ungo shughuli yote ilikuwa ya wanawake. Mimi nilitolewa nyumbani, nikaletewa habari kwamba mambo yamekwisha salama, nikatoa mchele na mbuzi, basi. Ndivyo ilivyotakiwa na sikulalamika. Haya ni kitu kizuri, imetulea sote. Lakini upande wangu haya hiyohiyo imewazika wanawake kabla ya wakati wao, na mimi nimechoka kuiheshimu.

Nianze na bibi yako, mama yangu mzazi, ambaye unaitwa jina lake. Hukumkuta. Alikuwa akikaa Msimbati, kwenye ile nyumba iliyobaki msingi, nami nilikuwa mwalimu mpya hapa mjini. Nilikwenda kumwona mwisho wa mwezi nikamkuta anatembea mkono wa kushoto ameukunja kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Nyumba nzima ilikuwa inanukia udi. Nilishangaa, maana mama hakuwa mtu wa udi, alikuwa mtu wa moshi wa samaki.

"Mama, unaumwa nini?"

"Mifupa tu, mwanangu. Ukubwa huu."

"Basi twende hospitali."

"Ntu nkubwa haumwi, anachoka. Kula ming'oko yako inapoa."

Nikala ming'oko. Udi ule ulikuwa wa kufunika harufu ya kidonda. Waliomwosha ndio walioniambia, baada ya mazishi, na hata wao walizunguka kwanza: "Mama yako alikuwa na kitu kifuani, cha siku nyingi." Alikuwa hataki kumvulia nguo daktari mwanamume, na mwanawe aliyesoma hakuweza kumuuliza swali la pili. Kwenye matanga kila mtu alikuwa na methali ileile mdomoni, mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaijua sana methali hiyo, ila tunaikumbuka mtu akishazikwa.

Akafuata shangazi yako Esha. Huyo unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikuletea mabibo kwenye ndoo na kukutania kwamba umezaliwa na meno. Esha alikwenda hospitali, tena kwa miguu yake, lakini alikwenda titi limeshakuwa gumu kama kifuu. Watu walisema ni salfa, kwa kuwa kila msimu alipuliza mikorosho yake bila kujifunga kitambaa puani. Wengine wakasema ni kijicho cha mawifi zake. Mimi, mwalimu wa baiolojia, nilichagua ile ya salfa, kwa sababu ilikuwa na sura ya sayansi. Nikawaambia watu wa Msimbati wajifunge vitambaa, nikarudi mjini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo nilipopotea.

Wewe unajua kwamba sisi Wamakonde mtoto tunamhesabia kwa mama. Litawa lako, ule ukoo wako, ni wa mama yako na mama yake na mjomba wako. Mimi kwenu ni mgeni niliyekaribishwa vizuri. Dini imetufundisha mirathi ya baba, shule imekuandika ubini wangu, na bado jambo likiwa zito tunairudisha hesabu palepale walipoiacha wazee. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza kwa nini dada yako Somoe, binti wa shangazi Esha, nampelekea viatu vya shule kila Januari na wewe unangoja. Nikakujibu, "Wewe una mjomba wako." Ulilia ukalala bila kula. Nami nilijiona nimejibu kwa haki kabisa, maana Somoe ni mpwa wangu, mimi ndiye mjomba wake, na kama nisingemvisha mimi angevishwa na nani? Wewe ulikuwa na watu wako.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya kidato cha nne, nikachora ubaoni duara mbili, hii ya baba na hii ya mama, nikawaambia kila mtoto anapokea nusu huku na nusu huku. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba mtoto hapokei kitu kwa baba yake nampiga mstari mwekundu, na nimepiga mingi. Nyumbani niliishi na jibu hilohilo miaka yote na hakuna aliyenisahihisha.

Hata kioo hakikunisaidia. Mwanya wako ni wangu. Masikio yako ni yangu, pole sana. Wauza mhogo wa sokoni hawakuulizi wewe nani, wanasema tu, "Huyu si wa Mwalimu Likumbo?" Nilikuwa nacheka nikifurahi, halafu naondoka pale nikiamini kwamba mambo ya damu yako yanamhusu mama yako.

Unaikumbuka ile likizo uliyorudi kutoka chuo na mama yako akanivuta jikoni, akaniambia, "Mtoto ana kivimbe"? Hakusema wapi, nami sikuuliza. Tulikwenda hospitali watatu. Tulipoitwa ndani nikakaa kwenye kiti cha pembeni nikitazama bango la lishe, kwa sababu sikujua pengine pa kuweka macho. Yule daktari alikuwa kijana, mpole, ana haraka lakini haonyeshi. Akauliza kama katika familia kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi, au ya mifuko ya mayai.

Mama yako hakumngoja amalize. "Hakuna, daktari. Kwetu hakuna kabisa."

"Bibi yake? Mama wadogo?"

"Wote wazima. Bibi yake analima mpaka leo, ungemwona."

Daktari akanigeukia. "Mzee?"

"Kama alivyosema mama yake," nikasema.

Sikudanganya, Fatu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mama yangu na dada yangu walikuwa wamelala Msimbati, kaburi moja kando ya jingine, na mimi nikajibu hakuna, moyo mweupe. Niliulizwa habari za familia yako, nikaona wanauliza habari za kina mama yako. Sikuwaficha mama na Esha. Hawakunijia hata akilini. Kivimbe kilikuwa cha kawaida, wasichana wengi wanacho, wakakitoa, na tukarudi nyumbani tumenunua mishikaki njiani kwa furaha. Daktari wa watu hakukosea kitu. Alifanya kazi yake kwa majibu tuliyompa.

Mwaka uliofuata Somoe akaanza kuumwa. Alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili, akadhani ni maziwa yameganda, akakanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka. Mama yake hayupo, kwa hiyo mgonjwa alikuwa wangu. Hapo sikuchelewa, mjomba ni mjomba. Niliomba ruhusa shuleni nikampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam, nikalala kwenye viti vya wageni, nikamvulia viatu, nikamnunulia machungwa. Wauguzi walidhani ni mwanangu.

Huko kulikuwa na daktari mmoja, mama wa makamo, sauti ndogo. Alituita chumbani kwake akachukua karatasi nyeupe akaanza kuchora ukoo wetu. Wanaume miraba, wanawake duara. Aliyeugua anapakwa wino.

"Mama yako, mzee?"

"Marehemu. Kidonda kifuani."

Akapaka.

"Dada yako, mama yake huyu?"

"Marehemu. Titi."

Akapaka tena. Akauliza kama mama yangu alikuwa na ndugu wa kike. Nikamwambia yuko mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wenzetu wa Msumbiji, na tulisikia tu kwamba alikufa tumbo limejaa maji. Alinitazama kidogo, akasema saratani ya mifuko ya mayai nayo hujaza tumbo hivyo, akapaka na hiyo. Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye mraba wangu.

"Na wewe una watoto?"

"Ninao watatu. Mkubwa ni wa kike."

"Mbona hukuwataja?"

"Hao si wa ukoo huu, daktari. Hao ni wa kwa mama yao."

Akaiweka kalamu chini. Hakunicheka wala hakunigombeza.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwalimu."

"Unafundisha somo gani?"

Nikaanza kunyoosha kola ya shati langu. Somoe, amelegea na dawa, kichwa kimefungwa kitambaa, akageuka akanitazama, halafu akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Mjomba, mwambie tu. Baiolojia, daktari! Tena alinifundisha mimi!" Sikumsikia tena akicheka namna ile, mpaka tulipomzika.

Walichukua damu ya Somoe, baadaye wakachukua na yangu. Majibu yalichukua muda mrefu. Yalipokuja, kasoro aliyokuwa nayo Somoe nilikuwa nayo mimi, ileile, mahali palepale. Mama yangu aliturithisha mimi na Esha, Esha akampa Somoe.

Nikueleze kasoro yenyewe, maana umesomea samaki na najua utataka kujua, na mimi nisipofundisha kidogo siwezi kumaliza barua. Kila seli ya mwili, kabla haijagawanyika, inanakili maandishi yake yote, kama darasa linavyonakili notisi ubaoni. Wanafunzi wanakosea, hilo halizuiliki. Kwa hiyo mwili umeweka wasahihishaji, wanaopita wakirekebisha makosa. Kwa msahihishaji huyu ninayekuambia, mtu anazaliwa na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akiharibika mmoja, mwenzake anaendelea na kazi, na mtu anaweza kuishi hivyo mpaka uzee bila kujua. Sisi tulizaliwa na mmoja ameshaharibika. Tumebakiwa na yule mmoja tu. Siku atakapoharibika na yeye, katika seli moja tu ya titi au ya mfuko wa mayai, makosa yanaanza kurundikana bila mtu wa kuyafuta, na seli ile inasahau kuacha kugawanyika. Ndiyo saratani.

Usije ukadhani kila saratani unayoisikia ni ya namna hii. Daktari alinionya nisirudi Mtwara nikatisha watu. Nyingi hazirithiwi. Nyingi ni makosa ya kunakili yanayojikusanya mtu anavyozeeka, na mengine yanachochewa na moshi wa sigara, au na kirusi, kama ilivyo kwa shingo ya kizazi. Ila yetu inatembea na ukoo. Na inatembea kwa wanaume pia, kimyakimya. Mwanamume anaibeba, anampa mwanawe, na kwa kuwa kifua chake kiko salama hakuna anayemuuliza kitu.

Nimesema kifua. Kuna sehemu nyingine.

Mwezi huu umeniuliza mara mbili kwa nini nakaa upande, na kwa nini siku hizi naswali nimeketi kwenye kiti. Mara ya pili ulisimama mlangoni na beseni la nguo, ukauliza kwa sauti ya kutaka jibu, "Baba, unaumwa nini hasa?" Nikasema, "Mgongo tu, mwanangu. Ukubwa huu." Maneno yalipotoka niliyatambua. Niliyasikia Msimbati, kwenye harufu ya udi. Wewe ukaitikia haya baba, ukaenda kuanika nguo, kama mimi nilivyokula ming'oko.

Nina saratani ya tezi dume. Kasoro ileile kwa wanaume inaweza kufanya hivyo. Imeshatoka kwenye tezi, imeingia kwenye mifupa ya nyonga na ya mgongo. Nachomwa sindano za kuipunguza kasi, na zile safari zangu za Dar nilizosema ni za kusimamia mitihani hazikuwa za mitihani. Haitaondoka. Sijui nitaona likizo zako ngapi. Nimelia kwa ajili ya hilo, sikufichi, nimelia chooni bomba likiwa wazi. Nakuandikia ili usije ukaambiwa na watakaoniosha.

Mama yako anajua yote, ugonjwa wangu na hiyo kasoro. Tulikubaliana wewe usiambiwe habari yangu mpaka utulie kazini. Kuhusu kasoro, hatukukubaliana. Alinikataza.

"Usimtie mwanangu laana ya kwenu," aliniambia.

"Si laana, Mwanahawa. Ni kipimo cha damu tu."

"Kipimo cha nini? Kwetu hakuna kitu hicho. Mtoto kapata kazi, ana furaha, wewe unataka aende akakae Kigoma peke yake anajipapasa kutwa. Na nani atamwoa akishajulikana?"

Nikaenda na kwa mjomba wako, kwa kuwa kwa desturi yeye ndiye mwenye neno juu yako na mimi sikutaka kumruka. Alinipokea vizuri, nikapewa chai na chapati. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, pole sana. Lakini haya ya kwenu mmalizane huko kwenu." Sikumkasirikia. Alinijibu kama mimi nilivyomjibu yule daktari wa Dar, neno kwa neno. Nilikunywa chai nikaondoka.

Mama yako usimnunie, nakuomba. Yeye ndiye anayenikanda mgongo kila siku, na nikifumba macho analia akidhani nimelala. Mwanamke huyu amekwisha jua kwamba atanizika. Halafu mtu huyohuyo atakayemzika anamwambia kwamba huenda na binti yake amewekewa kitu mwilini, na aliyekiweka ni yeye mumewe. Ningekuwa yeye ningesema kwetu hakuna, tena kwa sauti kubwa.

Siwezi kukuambia unayo. Siwezi kukuambia huna. Ni nusu kwa nusu. Huenda kwangu ulichukua mwanya na masikio tu, na nusu yangu iliyo nzima, na barua hii yote ikawa ni kelele za mzee. Naomba iwe hivyo. Kila nikiswali naomba hivyo, ingawa najua vizuri kwamba jambo hili lilishaamuliwa kabla hujazaliwa, na dua yangu imechelewa miaka mingi.

Ukikutwa unayo, kuna la kufanya, na hapo ndipo wewe ulipo tofauti na bibi yako, na Esha, na Somoe. Watakupima mapema na mara kwa mara, kwa mashine, wakiona kitu wakitoe kikiwa kidogo kama chembe ya mtama. Baadaye wataweza kukueleza habari za upasuaji wa kuzuia, na hilo utaamua wewe mwenyewe, si mimi, si mama yako, si mjomba, wala si mchumba. Akija mtu kukuposa, mwambie kabla. Akiondoka, hasara ni yake. Nimeishi na mwanamke asiyeondoka, najua wapo na wanaume wa hivyo, ingawa ni wachache, sikudanganyi. Habari za wadogo zako wawili niachie mimi. Ni wanaume, watakasirika kidogo kisha watauliza maswali ya mpira.

Ninachokuomba ni kimoja. Kesho jioni utafika Dar, utalala kwa mama yako mdogo. Mama yako anajua kwamba keshokutwa unapanda gari la Kigoma moja kwa moja. Usipande. Una siku za kutosha kabla ya kuripoti, nimezihesabu. Yule daktari mama nimeshazungumza naye, anakungoja keshokutwa asubuhi, na ameahidi hatakuchoma sindano kabla hajakaa na wewe ukamuuliza kila unalotaka. Ukienda, ukasikiliza, ukasema hutaki kupimwa, umekwenda. Sitakulaumu. Lakini usipite nje ya mlango ule kwa kuwa baba yako aliona haya.

Nimefikiri niikunje barua hii niifiche kwenye begi chini ya kanga zako, uikute njiani. Nimekataa. Nitakupa mkononi pale kwenye basi, mbele ya mama yako. Ataniuliza ni nini hiyo nami nitamwambia. Atanikasirikia, tutarudi nyumbani kila mtu anatazama upande wake, na jioni atanikanda mgongo kwa nguvu kuliko kawaida.

Kuna jambo nilitaka kukuambia la viatu. Miaka ile yote nilikuwa nikipita dukani nikiviangalia vya namba yako, vile vyeusi vya mkanda. Nilijua namba yako. Sikununua kwa sababu nilidhani nitamvunjia mjomba wako heshima. Leo naona ningeweza kununua jozi mbili na dunia isingepinduka.

Nasikia mlango wa uani. Mmerudi, na kwa sauti zenu mmekula nyumba zote. Unamcheka mama yako kwa jambo fulani, naye anakuambia unyamaze usiwaamshe majirani. Nimalizie.

Nilipokupa jina la mama yangu, nilidhani hicho ndicho kitu pekee nilichokupa kutoka kwetu. Nisamehe, Fatu. Keshokutwa yule daktari atachukua karatasi nyeupe, atachora duara yako, atakuuliza kama katika familia kuna mtu aliyewahi kuugua. Safari hii usimwambie hakuna. Mwambie wapo. Mtajie bibi yako Fatu, na mdogo wake wa ng'ambo, na shangazi Esha, na dada yako Somoe.

Ila anza na mimi.

Baba yako